Stoo ya mabati ya kuunga mwenyewe: mimi kilichonitesa ni sakafu na jasho, sio bati

Mkuu mleta mada, umeuliza vitu vitatu: kama hizi stoo za mabati zinazokuja kwenye boksi mtu anaweza kuunga mwenyewe bila fundi, kama zinadumu, na kama ni kweli zinavuja kama jirani yako alivyokutisha. Ngoja nijibu kwa marefu kidogo maana yangu iko nyuma ya nyumba huu ni mwaka wa 6, na katikati hapo niliwahi kuifungua yote ikarudi chini nikaiunga upya, kwahiyo makosa nitakayokwambia nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Jibu la haraka: unaweza, inadumu, haivuji. Ila hapo kwenye kuvuja subiri kwanza, nina stori yake.

Tuanze na chini. Mara ya kwanza nilifanya kama wengi wanavyofanya, nikasawazisha udongo kwa macho, nikalaza mbao za dawa, nikaweka fremu juu yake nikaanza kukaza parafujo. Ikasimama, ikapendeza, nikapiga na picha. Mvua za kwanza tu kona moja ikatitia kama sentimita 2 hivi, na milango ikaanza kugoma. Hii yangu ina ile milango miwili ya kusukuma pembeni, inayoteleza kwenye reli, na mimi kwa akili yangu nikajua tatizo ni vile vitelezi vya plastiki vya juu. Nikapaka grisi. Nikabadilisha vitelezi. Nikainyoosha reli kwa nyundo, nikaiharibu zaidi. Miezi kadhaa nagombana na mlango ambao hauna kosa lolote, mpaka siku shemeji yangu kapita kaniona nasukuma mlango kwa bega, akaniuliza tu swali moja, "Hivi hii ulipima kona kwa kona?" Nikamwambia kona kwa kona ndio nini.

Tukapima. Kipimo kimoja cha kona kwa kona kilizidi kingine kwa sentimita 3.

Ndio nikaelewa hivi vitu vinafanyaje kazi. Bati lenyewe ni jembamba mno, unalikunja kwa mkono, halina nguvu yoyote peke yake. Nguvu inatokana na kwamba kila paneli imefungwa na mwenzake mpaka linakuwa boksi moja. Sasa boksi likikaa limepinda chini, linapinda lote mpaka juu, na sehemu pekee inayotembea ni mlango kwahiyo ndio unaolalamika. Ukiona mlango wa stoo ya bati unagoma usihangaike na mlango, chukua futi kamba na pima maji nenda chini.

Namna ya kupima ni rahisi sana na inaniuma mpaka leo. Ukishaunga fremu ya chini, kabla hujaweka hata paneli moja, pima kutoka kona moja mpaka ile inayotazamana nayo, alafu pima zile mbili nyingine. Zikilingana fremu yako haijapinda, kona zote zimekaa sawa. Mfano fremu ingekuwa mita 2.4 kwa 3 kamili, kona kwa kona inatakiwa isome mita 3.84 pande zote mbili. Isipolingana unaisukuma kwa mguu taratibu kwenye kona ya kile kipimo kilichozidi mpaka ikubali. Dakika 5 hazifiki.

Na usichukue hizo 2.4 kwa 3 ukasema ndio futi 8 kwa 10 basi tayari. Ule ukubwa ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi wamepima paa, ukingo mpaka ukingo, fremu ya chini inakuwa ndogo zaidi. Vipimo vya sakafu viko ndani ya kitabu cha maelekezo, soma hapo ndio umwage zege. Mimi awamu ya pili niliposema sasa namwaga jamvi la zege la uhakika nilisoma boksi tu, jamvi likatoka kubwa kuliko stoo, nikajisemea isiwe tabu, kubwa ni bora kuliko dogo. Si kweli! Maji ya mvua yanashuka na ukuta wa bati, yanadondokea kwenye ule mdomo wa zege uliobaki nje, yanakosa pa kwenda, yanajipenyeza chini ya fremu yanaingia ndani. Ilibidi nichukue tindo nikachonge ule mdomo uelekee nje pande zote nne, kazi ya jumamosi nzima na vumbi lake. Jamvi liishie pale pale fremu inapoishia, au likizidi liwe na mteremko wa kutoka nje tangu siku ya kumwaga.

Kwa jamvi lenyewe mimi niliweka kokoto za kushindilia kama sentimita 10, juu yake plastiki nene, alafu zege sentimita 10. Hiyo plastiki usiiruke, utaona mbele kwanini. Kama huna uwezo wa zege kwa sasa, kokoto zilizoshindiliwa vizuri na vigae vya saruji juu yake vinafaa pia kwa stoo ndogo, ilimradi pawe sawa na pawe juu kidogo ya uwanja.

Ah na zile mbao za dawa. Nilipoifungua ile ya kwanza nilikuta upande wa chini wa fremu, pale palipogusana na mbao, zinki (ile ngozi ya juu inayolinda chuma cha bati) imeliwa na kutu nyekundu imeshaanza, wakati kwingine kote bati lilikuwa jipya kabisa. Dawa nyingi za mbao zina shaba ndani yake, na shaba ikikutana na zinki kwenye unyevu zinki ndio inayokufa. Kama lazima utumie mbao za dawa weka kitu katikati, ukanda wa raba au plastiki nene, bati lisiguse mbao moja kwa moja.

Kuunga sasa. Kitabu changu kilisema saa chache tu watu wawili. Sisi tulitumia siku mbili na tulikuwa watu wawili tena mara ya pili, tukiwa tunaijua. Parafujo ni nyingi kuliko unavyofikiri, yangu zilizidi 500, na kila moja ina washa yake ya plastiki ambayo ukiisahau maji yanapita hapo hapo. Usitumie drili kwa nguvu zote. Weka ile klachi yake (pete yenye namba za kupunguza nguvu ya kukaza) kwenye namba za chini kabisa, maana bati ni jembamba, parafujo ikizidishwa inajizungushia tundu na haishiki tena, unabaki na tundu pana kwenye ukuta mpya. Mimi nilikuwa naacha nusu mzunguko namalizia na bisibisi ya mkono. Na usikaze chochote mpaka mwisho wakati ukuta haujakamilika, acha parafujo zote zimelegea legea ili paneli zipate kusogea kutafuta matundu yake, ukikaza mapema paneli ya mwisho haitaingia na utaanza kuchoka na kutukana.

Glavu lazima. Sio ushauri wa kistaarabu, kingo za yale mabati ni wembe, mdogo wangu alivua glavu moja ashike parafujo vizuri tukaishia kufunga kidole kitambaa.

Pia kama paneli zimekuja na ile plastiki laini ya kuzuia mikwaruzo ibandue KABLA hujaifunga. Sisi tuliacha tukasema tutaivuta baadae, mpaka leo kuna vipande vimebanwa chini ya vichwa vya parafujo vinapepea kama bendera.

Upepo ndio kitu ninachokiogopa kuliko vyote kwenye hii kazi. Stoo isiyo na paa ni tanga la jahazi. Siku ya kwanza giza lilitukuta kuta zimesimama paa bado, usiku upepo ukaanza, nimetoka na tochi na kamba nafunga kona kwenye vigingi nilivyopigilia chini huku naisikia inalia kama ngoma, asubuhi paneli moja imejikunja katikati. Tuliinyoosha lakini mkunjo bado unaonekana. Kwahiyo panga siku tulivu, anza asubuhi mapema, na kama unajua hutafika kwenye paa bora ulale na fremu tupu na paneli zimelazwa chini zimewekewa mzigo juu. Na ikishakamilika usiseme tayari, ikamate kwenye zege kwa bolti zile zinazotanuka ukizikaza, kila kona na katikati ya kila ukuta. Upepo ukiingia mlangoni unainua paa kutokea ndani, na stoo nzima tupu uzito wake haufiki hata kilo 100. Bolti piga mwisho kabisa, baada ya kupima tena kona kwa kona na kuona milango inateleza kwa kidole, ukishazipiga hakuna kusogeza tena.

Haya, kuvuja.

Mwaka wa kwanza juu ya jamvi jipya naingia asubuhi nakuta vitu vimelowa. Maboksi yamelegea, mpini wa jembe una ukungu, matone sakafuni. Nikasema paa linavuja. Nikanunua silikoni nikapanda ngazi (usikanyage paa lenyewe, litabonyea) nikapaka kila kichwa cha parafujo kimoja baada ya kingine. Wiki ijayo maji yapo. Nikasema basi yanaingia kwenye uwazi ule wa juu ambapo ukuta unakutana na paa, kuna nafasi ya mawimbi ya bati pale unaona mwanga. Nikaziba yote na sponji na silikoni, nikaziba mpaka vile vitundu vya hewa vya kwenye pembetatu ya mbele na nyuma. Nikaona nimemaliza. Hali ikawa mara mbili ya mwanzo!

Kilichonizindua ni kwamba kulikuwa na wiki mbili nzima bila tone la mvua na ndani bado kunalowa. Nikaingia alfajiri na tochi nikamulika juu: chini ya bati lote kumejaa matone yananing'inia, kama ukifunua kifuniko cha sufuria. Lile ni jasho. Usiku bati linapoa haraka kuliko hewa, hewa ya ndani yenye unyevu ikiligusa inageuka maji, maji yanadondoka. Na unyevu ulikuwa unatoka wapi? Kwenye zege langu mwenyewe, jamvi jipya linaendelea kutoa maji wiki na wiki, na udongo nao unapumulia juu kama hakuna plastiki chini. Mimi nikawa nimeziba sehemu pekee ambazo ule unyevu ungetokea, nimeufungia ndani kwa silikoni.

Nikatoa sponji zote. Nikaongeza matundu mawili ya hewa yenye wavu, moja chini upande mmoja, lingine juu upande wa pili ili hewa ipite ikikatiza. Zaidi ya nusu ya tatizo likaisha hapo. Baadae nikabandika chini ya paa ile foili yenye povu, bati likawa haligusani na hewa ya ndani, na toka hapo sijaona tone. Faida ya pili joto la mchana limepungua, maana kabla yake mchana wa jua kali ilikuwa huwezi kukaa mle dakika kumi.

Hilo joto ndio linaamua uweke nini. Petroli mimi siweki kabisa, mvuke wake ndani ya boksi la bati lenye joto sitaki hata kuufikiria, na betri za drili zinalala nyumbani. Mbolea ya chumvichumvi na klorini ya bwawa usiweke pia, au iwe kwenye chombo kilichofungwa kabisa, mvuke na vumbi lake vinakula zinki, utashangaa kutu imeanzia ndani. Na usitundike kitu kizito ukutani, ukuta hauna mfupa. Nunua rafu za kusimama zenyewe, acha nafasi ya kiganja kati yake na bati hewa ipite.

Wezi... kusema kweli komeo linalokuja nayo ni la kuzuia upepo. Mwenye bisibisi anafungua ukuta kwa nje bila kugusa kufuli lako. Cha thamani kiweke ndani ya nyumba, au fanya kama mimi, mashine ya kukatia majani nimeifunga mnyororo kwenye bolti iliyoingia kwenye zege.

Matunzo ni madogo. Mara mbili kwa mwaka nafagia majani kwenye paa na kwenye reli ya chini ya mlango, nakaza parafujo zilizolegea, na popote nilipoona mkwaruzo umefika kwenye chuma napiga msasa kidogo napaka rangi ya zinki. Mpaka sasa nina doa moja tu la kutu, ni pale pale kwenye ile paneli iliyojikunja usiku ule wa upepo.

Boksi likifika hesabu vipande vyote kwanza kabla ya kufungua mfuko wa parafujo. Na tuambie hapo unapotaka kuiweka ardhi ikoje, pana mteremko? Maji ya mvua yanapita wapi? Ukijibu hilo nitakwambia kama kokoto zinatosha au itabidi umwage zege.