Kukulia Tororo si kinga ya kudumu: yaliyonipata, na ninayoyaona kwenye darubini

Ndugu uliyeuliza kwa nini mdogo wako, mzaliwa wa Tororo, huku mashariki mwa Uganda kwenye malaria nyingi, amerudi kutoka Kabale na malaria ikamlaza siku nne wakati ninyi mliobaki huishia kuumwa kichwa tu: hayo yalinikuta mimi. Nilisoma Kabale miaka mitatu, kule kwenye baridi na mbu wachache, nikarudi nikijiona mwenyeji. Wiki ya tatu nikawa kwenye dripu.

Siku hizi nafanya kazi maabara. Ukishatia damu rangi ya Giemsa, mara nyingine unakutana na chembe nyeupe kubwa yenye punje za kahawia nzito ndani, kama masizi. Ni mabaki ya himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, iliyoliwa na kimelea cha malaria. Chembe imemeza mla damu pamoja na uchafu wake. Ila haikufika hapo peke yake. Kingamwili, protini za kinga zinazoelea kwenye damu, zilitangulia kukipaka kimelea alama. Kingamwili hutoka kwa seli B, na seli B nazo husukumwa na seli T saidizi (zote mbili ni aina za chembe nyeupe), ambazo pia humwaga intafironi gama, kemikali ya kuwatia ukali walaji, yaani chembe kama ile iliyomeza kimelea. Na seli T saidizi hazistuki mpaka walinzi wa kwenye wengu wazionyeshe kipande cha kimelea. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika humo, ndiyo maana wengu wa mtoto anayeugua mara kwa mara huvimba.

Seli T zinazoua, zile za CD8, zina nafasi kwenye ini tu, kama siku saba za mwanzo, kabla kimelea hakijaingia kwenye chembe nyekundu za damu. Seli ya ini iliyovamiwa huonyesha vipande vya kimelea kwa nje. Chembe nyekundu haina hata kiini, haionyeshi kitu, muuaji anaipita.

Sasa tatizo: falsiparum, aina kali ya kimelea cha malaria, ina jeni kama 60 za kubadilisha koti, yaani protini za juu, inalolivalisha chembe nyekundu. Kinga yenu ni mkusanyiko wa makoti mliyokwisha kuyaona, na kingamwili hupungua msipokutana nayo tena. Tena msijisifu, mkipimwa huenda mkakutwa na vimelea bila homa. Homa yenyewe huwashwa na chembe zetu nyeupe, na miili yenu imejifunza kuzituliza.

Mdogo wako mchukulieni kama mgeni: alale ndani ya chandarua, na akihisi joto apimwe siku hiyohiyo. Mimi nilimeza Panadol siku mbili nikidai ni uchovu wa basi.