Gari Likikataa Kuwaka, Usikimbilie Kununua Betri

Mwezi wa saba Nakuru huwa na baridi, na sisi tunaoamka saa kumi alfajiri kwenda Molo kuchukua viazi tunaijua vizuri. Asubuhi moja nilizungusha ufunguo, gari likatoa "tak!" moja, likanyamaza. Nikajaribu tena. "Tak!" Jirani akaniambia betri imekufa. Nikanunua mpya kwa shilingi 9,000.

Wiki mbili gari liliwaka, kisha likarudia yale yale. Fundi wa kwanza akasema ni stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Tukaifungua, tukafunga nyingine iliyotumika. Bado. Kumbe dalili ilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo: nilipozungusha ufunguo, taa kubwa hazikufifia hata kidogo. Betri iliyochoka huzimisha mwanga mara tu stata inapovuta umeme.

Mzee mmoja, fundi wa waya kule Kaptembwo, hakufungua kitu. Aligusisha ncha moja ya kipimo cha volti kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nizungushe ufunguo. Kikasoma zaidi ya volti 2, na hapo haifai kupita hata nusu volti. Umeme ulikuwa ukipotelea kwenye waya wa athi, ule mnene unaotoka kwenye betri hadi kwenye injini. Nje plastiki safi, ndani shaba imekuwa unga wa kijani. Tukaweka mpya na kukwangua chuma mpaka kikang'aa pale unapofungwa.

Kama huna kipimo, chukua waya mmoja wa kujampia, ule mnene wa kuazima umeme wa gari lingine, uunganishe hasi ya betri na chuma cha injini kisicho na rangi, mbali na feni na mikanda. Gari likiwaka vizuri, umeshajua mgonjwa ni nani.

Milio mingine ina maana yake. "Tatatata" ya haraka mara nyingi ni betri isiyo na nguvu, au vichwa vyake vimelegea ama vimeota unga mweupe, visafishe kwanza. Kimya kabisa kwenye gari la otomatiki, jaribu kuweka gia kwenye N. Injini ikizunguka kwa nguvu bila kushika, achana na betri: weka ufunguo kwenye "on" usikilize pampu ya petroli ikivuma sekunde mbili hivi. Isipovuma, anza na fyuzi yake.

Na tafadhali, usimruhusu fundi yeyote achomoe kichwa cha betri injini ikinguruma eti anapima altaneta, kile kifaa kinachochaji betri. Umeme unaoruka hapo unaweza kuunguza kompyuta ya gari, na bei yake inauma kuliko betri. Mwambie apime volti kwenye betri injini ikiwa inanguruma: zikiwa kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji.