Siri ya Watengenezaji au Hitilafu ya Msimbo? Kuhusu Pete Inayojizidisha katika Diablo

Swali: Mhandisi, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa programu, na nimeanza kuandika mchezo mdogo wa kupambana mahandakini kwa kufuata mfano wa michezo ya zamani. Nikicheza Diablo ya mwaka 1996 nimeona kwamba nikiiweka pete chini, nikaibofya ili mhusika wangu aifuate, kisha nikachomoa chupa ya dawa kwenye mkanda kabla hajaifikia, pete huingia mkobani na ile chupa nayo hugeuka kuwa pete ya pili. Rafiki yangu anashikilia kwamba hiyo ni siri iliyofichwa na watengenezaji, kama ile ngazi (yaani hatua ya mchezo) ya ng'ombe. Mimi nadhani ni hitilafu. Nani kati yetu yuko sahihi, na je, mtu anaweza kutofautisha mambo hayo mawili bila kuwa na msimbo chanzo?

Jibu: Wewe ndiye uliye sahihi. Hiyo ni hitilafu, na chanzo chake kinajulikana hadi mstari wenyewe wa msimbo. Waliotengeneza mchezo huu, yaani studio ya Condor ya California ambayo baadaye iliitwa Blizzard North, hawakuutoa msimbo wao hadharani. Hata hivyo, mwaka 2018 mradi wa Devilution ulichapisha msimbo uliojengwa upya kutokana na programu yenyewe, kazi ambayo ilirahisishwa sana na faili ya majina ya vitendakazi (vipande vya msimbo vinavyofanya kila kimoja kazi yake) na ya data iliyosahauliwa ndani ya diski ya toleo la PlayStation lililouzwa Japani. Kwa hiyo leo tunaweza kusoma kinachotokea badala ya kukisia, na ningekushauri usome sehemu inayoshughulikia mkoba wa vitu, kwa sababu ina mafunzo mengi kwa mtu anayeandika mchezo wa aina hiyohiyo.

Kinachotokea ni hiki. Kila mchezaji ana sehemu moja katika kumbukumbu iitwayo HoldItem, ambayo kazi yake ni kutunza maelezo ya kitu kilichoshikwa na kishale cha kipanya. Unapochomoa chupa mkandani, maelezo yote ya chupa hunakiliwa humo na kishale hubadilika umbo. Wakati huohuo kuna kitendakazi kiitwacho AutoGetItem, ambacho huitwa mhusika anapookota kitu huku dirisha la mkoba likiwa limefungwa. Kitendakazi hiki kinahitaji mahali pa muda pa kuweka kitu kinachookotwa wakati kinatafuta nafasi iliyo wazi, na badala ya kutengewa mahali pake pa pekee, kimepewa HoldItem ileile. Hunakili pete kutoka chini hadi HoldItem, hutafuta nafasi mkobani, hunakili tena kutoka HoldItem hadi kwenye nafasi hiyo, kisha hufuta pete iliyokuwa sakafuni. Kama kishale hakijashika kitu, mabaki ya pete yanayobaki katika HoldItem hayana madhara, kwa kuwa hakuna anayekwenda kuyasoma. Lakini kama kishale kilikuwa kimeshika chupa, maelezo ya chupa yamekwisha kuandikwa juu, na mchezo bado unaamini kwamba mkono wako umebeba kitu. Ukikiweka popote, unaweka kilichomo katika HoldItem, nacho sasa ni pete. Chupa haikugeuka kuwa pete. Ilipotea, na nakala ya pili ya pete ikakaa mahali pake. Wale waliojenga msimbo upya wameacha maelezo pembeni mwa mstari huo kwamba unaandika juu ya kitu kilicho kwenye kishale na hivyo kuruhusu udanganyifu wa mkanda.

Ushahidi unaonishawishi zaidi, kuliko hata mstari wenyewe, ni kitendakazi jirani. Dirisha la mkoba likiwa wazi, kuokota hufanywa na InvGetItem, na hicho hukagua kwanza kama kishale kimeshika kitu. Kikikuta kitu, hukiweka chini kabla ya kuendelea. Maana yake ni kwamba watengenezaji waliiona hatari hii, wakaiziba katika njia moja na kuiacha wazi katika njia ya pili. Mtu anayeficha siri hawezi kuizuia katika mlango mmoja na kuisahau katika mwingine. Na hapa ndipo unapoweza kuanza kupima bila kuwa na msimbo: fungua dirisha la mkoba, rudia hatua zote, uone kama matokeo yanabaki yaleyale. Jambo linalotegemea dirisha gani liko wazi, au sehemu ya sekunde uliyobofya, karibu kila mara ni hitilafu.

Niseme kidogo kuhusu madhara, kwa sababu hayakuwa madogo. Katika Diablo, kitu kama pete hakitungwi upya kila kinapoonekana; huzalishwa kutokana na namba ya mbegu, na kompyuta nyingine kwenye mtandao hupokea mbegu hiyo na kukijenga kitu kilekile. Nakala iliyopatikana kwa njia ya mkanda hubeba mbegu ileile ya pete ya kwanza, basi kila kompyuta huipokea kama pete halali. Isitoshe, mhusika wa Battle.net, yaani huduma ya kuchezea mtandaoni, katika mchezo huo alihifadhiwa kwenye diski ya mchezaji mwenyewe, jambo lililomaanisha kwamba hapakuwa na mahali pa kati pa kuuliza pete hii imetoka wapi. Diablo II ya mwaka 2000 iliwahamishia wahusika wa sehemu rasmi ya mtandao kwenye seva za kampuni, na naamini huo ndio uamuzi wa kiufundi muhimu kuliko wote uliotofautisha michezo hiyo miwili.

Sasa tuitazame ngazi ya ng'ombe ambayo rafiki yako anaitaja, kwa sababu inaonyesha siri ya kweli ilivyo. Katika Diablo ya kwanza kuna ng'ombe katika mji wa Tristram, na wachezaji walizusha kwamba ukiwabofya mara nyingi vya kutosha utafunguliwa mlango wa ngazi ya siri. Ngazi hiyo haikuwamo; ulikuwa uvumi mtupu. StarCraft, mchezo wa mwaka 1998 wa Blizzard, kampuni mama ya Blizzard North, iliweka msemo wa kukanusha kuwepo kwa ngazi hiyo kama nywila ya udanganyifu. Kisha Diablo II ikaiunda kwelikweli: ukishammaliza Diablo, pepo ambaye mchezo umepewa jina lake, ukichanganya mguu wa mbao wa mvulana Wirt na kitabu cha Town Portal (uchawi wa kurudi mjini) ndani ya Horadric Cube, kisanduku cha kuchanganyia vitu, ukiwa kambi ya kwanza, mlango mwekundu hufunguka na kukupeleka kwenye uwanja wa ng'ombe wanaotembea kwa miguu miwili wakiwa na silaha. Angalia ni vitu vingapi vilivyohitajika: ramani yake, viumbe wake, sauti zao, mfalme wao, na kanuni ya mchanganyiko. Hakuna hata kimoja kinachoweza kujitokeza kwa bahati mbaya. Hellfire, nyongeza ya Diablo ya kwanza ya mwaka 1997 iliyotengenezwa na Synergistic Software, nayo ilikuwa na siri za aina hiyo: ukiweka faili iitwayo command.txt ndani ya folda ya mchezo na kuandika humo maneno kama cowquest au theoquest, kazi zilizofungwa hufunguka, na maneno bard na barbarian huleta wahusika ambao hawakutangazwa. Programu haisomi faili ya jina hilo, ikilinganisha maneno hayo, ila kuna aliyeiandika ifanye hivyo.

Siri, kwa hiyo, ina mali yake yenyewe: maneno yake, picha zake, masharti yake. NetHack, mchezo mwingine wa mahandakini ulioanza kusambazwa mwaka 1987, huangalia saa ya kompyuta yako, na usiku wa mwezi mpevu hukuongezea bahati, ilhali Ijumaa ya tarehe 13 hukupunguzia. Na mwanzoni mwa mchezo hukuandikia ujumbe wa kukuarifu hali hiyo. Ujumbe huo ni saini ya mwandishi. Hitilafu haina ujumbe wake, bali huazima maneno na picha za jambo jingine, kama ile pete inayotokea mahali pa chupa.

Kuna mfano mmoja wa zamani zaidi ambao huwa ninawaonyesha wanafunzi wanaponiuliza swali kama lako, kwa sababu hitilafu yake inatoa zawadi nono na nadhifu kiasi kwamba mtu yeyote angeapa kuwa imepangwa. Mchezo wa Wizardry ulitoka mwaka 1981 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, kazi ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead, na uliandikwa kwa lugha ya programu ya Pascal. Mhusika aliye Askofu anaweza kutambua vitu visivyojulikana, na kila mhusika hubeba vitu visivyozidi 8. Ukimwamuru Askofu atambue kitu namba 9, ambacho hakipo, mchezo haukatai. Na akifaulu, anapata pointi 100,000,000 za uzoefu. Mbona iwe milioni mia moja kamili?

Jibu limo katika mpangilio wa kumbukumbu. Kila kitu katika orodha ya mhusika kina sehemu nne zinazofuatana: je, kimevaliwa, je, kimelaaniwa, je, kimetambuliwa, na namba ya aina yake. Mara tu baada ya kitu cha 8 zinafuata pointi za uzoefu, nazo kwa kuwa ni kubwa kuliko namba ya kawaida ya mashine ile, zimegawanywa katika vipande vitatu: kipande cha kwanza ni cha namba chini ya 10,000, cha pili kinahesabu makumi elfu, na cha tatu kinahesabu mamia ya mamilioni. Programu inapokwenda mahali ambapo kitu cha 9 kingekaa na kuandika kwamba kimetambuliwa, sehemu ya tatu ya kitu hicho cha kufikirika ndiyo kipande cha tatu cha uzoefu. "Ndiyo" huandikwa kama 1, na 1 katika kipande hicho ni 10,000 mara 10,000. Hakuna mtu aliyeichagua namba hiyo. Imetoka katika namna hesabu ilivyohifadhiwa, na unapokutana na zawadi iliyo duara kiasi hicho katika mchezo wa zamani, jiulize kwanza namba zake zimehifadhiwaje. Pascal ya wakati ule iliweza kukagua mipaka ya orodha, lakini ukaguzi huo uliweza pia kuzimwa, na kwenye mashine yenye kumbukumbu finyu kishawishi cha kuuzima kilikuwa kikubwa. Siri halisi ya Wizardry ni ndogo na iko wazi mbele ya macho: mfalme Trebor na mchawi Werdna ni Robert na Andrew waliosomwa kinyume.

Kuna mambo yanayokaa katikati, na haya sipendi kuyaita siri wala hitilafu kwa haraka. Katika Diablo, uimara wa silaha ni namba, na namba 255 imetengwa kumaanisha kitu kisichoharibika kamwe. Madhabahu iitwayo Hidden huongeza uimara wa juu wa karibu kila kitu ulichovaa kwa 10. Mchezaji mvumilivu anayekifikisha kitu kwenye 255 kamili kwa kuongeza hivyo hupata kitu kisichoharibika. Kila mstari uliohusika ulifanya kazi yake kama ulivyoandikwa. Tatizo ni namba moja kubebeshwa maana mbili.

Kuhusu mchezo unaouandika, usitumie sehemu ya kishale kama mahali pa muda pa kitu kingine chochote, hata kama inaonekana iko wazi. Kila kitu kiwe na namba yake ya kipekee, na orodha moja tu iseme kiko wapi: sakafuni, mkobani, mkandani au mkononi. Kuokota kuwe ni kubadilisha mahali katika orodha hiyo, si kunakili maelezo upande mmoja na kufuta upande mwingine, kwa sababu kati ya kunakili na kufuta ndimo nakala mbili zinamopata nafasi ya kuishi. Hali maalumu, kama kutoharibika, iwe na alama yake badala ya kukopa namba ya mwisho ya kipimo. Kila mara mchezaji anapochagua kitu kwa namba, hakikisha namba hiyo iko ndani ya orodha pale inapotumika, na si kwenye skrini ya kuchagulia peke yake. Kisha andika jaribio linalohesabu vitu vyote duniani mwa mchezo kabla na baada ya kila hatua ya mchezaji, uliache likimwamuru mhusika aokote, atupe, avae na achomoe mkandani bila mpangilio usiku kucha, nalo lisimame hesabu inapotofautiana hata kwa kimoja. Ukitaka kulilinganisha na kazi iliyokomaa, soma DevilutionX, mradi ulioendelea kutoka Devilution; msimbo wake uko wazi, ingawa kuucheza mchezo kamili utahitaji DIABDAT.MPQ, faili ya data ya mchezo, kutoka kwenye diski yako mwenyewe.