Daktari mpya, PF3 uliyojaza leo itakuita kizimbani

Wadogo zangu mnaoanza kazi hospitali za wilaya, kuitwa mahakamani ni suala la muda tu. Mtu kapigwa kwenye ugomvi wa shamba, polisi wamempa PF3, fomu yao ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, amefika kwako usiku foleni ikiwa bado ndefu. Unajaza mistari miwili, unagonga muhuri, unaita anayefuata. Umeshamsahau kabisa, askari analeta samansi. Mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeandika ripoti aje ahojiwe, na hakimu anapaswa kumweleza haki hiyo. Asipoelezwa, PF3 inaweza kufutwa kwenye rufaa kana kwamba haikuwahi kuandikwa.

Wengi huogopa kizimba. Mimi ningewaambia muogope ile fomu, maana mambo huharibikia pale. Chukua jeraha la kichwani. Panga hukata, na kingo za jeraha huwa nyoofu na safi. Rungu au jiwe huipasua ngozi dhidi ya mfupa: kingo zinachanika, pembeni kuna mchubuko, na ukilitanua jeraha unakuta nyuzi za tishu bado zimeshikilia upande huu na ule. Kwa kuwa fuvu liko karibu na ngozi, mpasuko wa kichwani unaweza kufanana sana na mkato. Nyoa nywele, osha damu, tanua, angalia ndani ndipo uandike: "Mpasuko wa sm 4, juu ya sikio la kushoto, kingo zimechanika, unaelekea kutokana na kitu butu." Usiandike rungu, kwa sababu rungu hukuliona. Anayeandika "mkato" kwa kila kidonda atakuja kujibu siku mlalamikaji atakaposema alipigwa fimbo, na hapo wakili wa utetezi hana haja hata ya kupandisha sauti.

Kesi za ubakaji zinahitaji uangalifu zaidi. Neno "amebakwa" lisitoke kwenye kalamu yako. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Vipimo vyako vinaweza kusaidia kuonyesha kwamba mtu ameingiliwa, lakini ridhaa haionekani kwa tochi wala darubini. Vilevile, kutokuona jeraha kusigeuke kuwa "hakuna kilichotokea". Mtoto aliyefanyiwa ukatili anaweza kuonekana mzima kabisa, hasa akiletwa siku kadhaa baadaye, na hilo lazima uliseme hata usipoulizwa. Na ukiulizwa mchubuko una siku ngapi, usikubali kubanwa utaje tarehe kwa kuangalia rangi. Rangi hudanganya.

Kuna kesi ya Uingereza ambayo kila daktari anayekwenda mahakamani anapaswa kuijua. Mwaka 1999 Sally Clark, mwanasheria, alitiwa hatiani kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Profesa Roy Meadow, daktari bingwa wa watoto, aliiambia mahakama kwamba vifo viwili vya ghafla vya watoto katika familia kama ile hutokea mara 1 katika milioni 73. Tarakimu hiyo ilipatikana kwa kuchukua uwezekano wa kifo kimoja, 1 kwa 8,543, na kuuzidisha kwa wenyewe, kana kwamba kifo cha mtoto wa kwanza hakihusiani kabisa na cha pili, ilhali ndugu hushiriki damu na nyumba. Meadow alijua watoto. Takwimu hazikuwa fani yake, na aliyevaa sifa ya ubingwa haulizwi sana. Mama yule aliachiwa mwaka 2003, baada ya kugundulika pia kwamba mtaalamu aliyechunguza miili alikuwa na majibu ya maabara kuhusu bakteria ambayo upande wa utetezi haukuwahi kuonyeshwa. Alifariki mwaka 2007. Kwangu kosa la pili, la majibu yaliyofichwa, ni baya zaidi. Kukosea hesabu ni ujinga, lakini kukalia majibu ni kuamua kesi kabla ya hakimu.

Ukishaapa, usianze kuisoma PF3 kabla haijapokelewa kama kielelezo. Ikishapokelewa, isome yote kwa sauti. Tazama kalamu ya hakimu. Akiwa bado anaandika, nyamaza. Tangu 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, kwa hiyo jiandae nyumbani namna ya kueleza majeraha hadi mzee wa kijijini aelewe.

Halafu linakuja dodoso, yaani maswali ya upande wa utetezi.

"Daktari, mtu akianguka kwenye ngazi hawezi kupata jeraha hili?"

Kama anaweza, jibu: "Anaweza, Mheshimiwa." Vijana wengi huzunguka hapa wakidhani wataiangusha kesi. Kesi si yako, na hakimu hafungwi na maoni yako. Atayapima pamoja na ushahidi mwingine. Mwendesha mashtaka naye akitaka, atakuuliza upya kama anguko moja linaweza kuacha majeraha matano pande zote za mwili, nawe utajibu hilo kwa uwazi uleule.

Kaka wa majeruhi atakupigia simu aombe "uongeze uzito kidogo". Mwambie ulichoandika ndicho utakachosema, kisha mwarifu mganga mfawidhi siku hiyohiyo. Na ukihamishwa kituo, acha namba yako kwa katibu wa hospitali na uhakikishe mafaili ya wagonjwa wa PF3 yanabaki masijala, kwa sababu samansi itaanzia pale ulipoondoka.