Zile nyaya mbili za mbele ya Land Cruiser si za antena

Watu huniuliza kama nyaya hizo ni za antena. Hapana, ni za kukinga matawi. Kila moja inatoka kwenye kona ya bampa la chuma hadi kona ya keria ya mizigo iliyo juu ya paa, ikipita juu ya boneti. Tawi likija linateleza juu ya waya na kupanda hadi kwenye paa, badala ya kupiga kioo cha mbele au kung'oa bomba la hewa ya injini lililo pembeni mwa kioo. Mimi ni dereva wa porini, nimefunga waya wa chuma wa milimita 4 na skrubu ya kukazia upande mmoja. Usiukaze mpaka ulie kama gitaa, maana bodi inajipinda gari likipita kwenye mashimo ya njia na kitakachong'oka ni keria. Na zinafaa kwa matawi membamba tu. Tawi nene kama mkono shuka ulikate kwa panga.

Ubavuni hazisaidii kitu. Kwenye migunga kunja vioo vya pembeni, pandisha madirisha, nenda polepole. Tawi la mgunga likiachiwa na gari hurudi kwa nguvu, na miiba yake ni mirefu kabisa, inaweza kumtoboa jicho abiria aliyeegemea dirishani.