Baridi yetu ni kusi

Mhariri, juma hili mmeuliza: utabiri wa ukanda wetu unasema baridi itaingia mapema msimu huu, je, msomaji utajikinga vipi? Na juu ya swali mkaweka picha ya mtu aliyevaa koti zito, anaota moto wa makaa. Picha hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Sisi Mombasa hatuna makoti. Usiku wa Julai kipimo hapa hushuka mpaka nyuzi 20 hivi, na mchana hurudi 27 au 28. Mtu wa Limuru au Kinangop, ambaye huamka akute majani yana sakitu nyeupe, akitusikia tunalia baridi atasema tumedeka. Kwa hesabu ya kipimo ana haki. Lakini kipimo huwekwa mahali pakavu, kivulini. Hakiwekwi ndani ya ngalawa, usiku, juu ya mtu aliyerowa shati.

Babangu alikuwa mvuvi wa mshipi, akitokea Bandari ya Kale. Alikuwa na kalenda mbili: ya ukutani, na ile ya wazee ya kuhesabu siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa Waswahili. Ya ukutani aliitumia kulipa kodi ya nyumba. Ya wazee ndiyo iliyomwambia lini kaskazi, upepo wa kaskazini, inakwisha, lini ni maleleji, pepo zinapogeuka, lini kusi, upepo mkali wa kusini, inaingia na vyombo vidogo vipandishwe pwani.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa Aprili, mvua za mwaka ndiyo kwanza zinaanza, na kwa hesabu yake kusi ilikuwa bado. Yeye na ami yangu wakatoka baada ya Magharibi kwenda kuvua changu nje ya mwamba. Mama aliwatilia mahamri kikapuni na chupa ya chai. Kifuniko cha chupa ile kilikuwa kimepasuka, akakifunga kwa kipande cha leso. Nakiona mpaka leo.

Usiku wa manane niliamshwa na dirisha. Ubawa wa upande wa kusini ulikuwa unapiga ukuta, na upande ule haukuwa umepiga tangu mwaka uliotangulia. Mama alikuwa ameshaamka, amekaa kitako kitandani. Akasema neno moja tu, "Kusi." Nikamwambia bado si wakati wake, baba amesema. Hakunijibu.

Alfajiri tulikwenda kwa miguu mpaka ufukwe wa Mama Ngina, tukasimama chini ya mibuyu. Manyunyu yanakuja ya ubavu, leso haikai mwilini, bahari nyeupe tupu mpaka mwambani. Hakuna tanga hata moja. Kila mvuvi aliyepita mama alimsimamisha, akamtajia majina mawili, na kila mmoja alitikisa kichwa akaangalia chini. Meno yangu yalikuwa yanagongana. Wala sidhani kama siku ile ilishuka chini ya nyuzi 22.

Adhuhuri ikaja habari kwamba wameonekana Shanzu, kaskazini ya mji. Kusi husukuma kwenda kaskazini, na mkondo wa bahari nao huelekea huko huko, kwa hivyo chombo kilichochanika tanga hakina pengine pa kwenda. Tukapanda matatu. Tuliwakuta wamekalishwa barazani kwa watu tusiowajua, wamefungwa leso tatu tatu, wananyweshwa chai ya tangawizi. Midomo ya ami ilikuwa kama jivu. Mikono ya baba ilikuwa imekunjika, kana kwamba bado ameshika kamba, na mama alimkunjua kidole kimoja kimoja bila kusema kitu. Ami hakuvua tena usiku maisha yake yote.

Nilikaa kuandika nikitaka kuwaambia kwamba utabiri wenu ni wa watu wa bara, sisi hautuhusu. Sasa nimefika hapa na siwezi kusema hivyo. Mwanangu, ambaye husomesha jiografia, alishanieleza zamani nami sikutaka kumsikia. Katikati ya mwaka ni majira ya baridi huko kusini ya dunia. Hewa nzito hujikusanya juu ya Bahari ya Hindi upande wa visiwa vya Morisi na Reunion, kisha ikasukumwa kuja kwetu. Njiani huchukua unyevu wa bahari, hutupiga sisi kwanza, halafu hupanda bara na kuwatandia watu wa Nairobi lile wingu la kijivu la kutwa nzima. Upepo ni ule ule. Watabiri wakisoma "baridi mapema", mvuvi wa Mombasa asikie "kusi mapema". Ningependa sana wamsomee hivyo hivyo, kwa jina analolijua.

Miaka yote nimekuwa nikishikilia kwamba hesabu ya wazee yatosha. Usiku ule haikutosha, na aliyeihesabu alikuwa hodari kuliko wote niliowajua. Utabiri wa miezi mitatu nao hauwezi kukwambia ni usiku gani, kwa hivyo usimpe mtu matumaini ya bure. Lakini idara ya hali ya hewa hutoa pia onyo la siku chache, la upepo mkali na mawimbi makubwa, na hilo ndilo ninalomtaka mtoto wa dadangu alisikilize kila jioni kabla hajashusha chombo. Kisha, akishasikiliza, atazame mawingu na aulize wazee. Dirisha langu la kusini pia silifungi kwa komeo.

Na koti nitamnunulia. La plastiki, la kuzuia maji, lenye kofia, na liwe kubwa kiasi cha kumfunika yeye na mwenziwe.