Shangazi, mke wangu kaondoka kwa sababu ya bunduki ya upepo

"Shangazi, naishi Nkuhungu, Dodoma. Usiku napiga shabaha sebuleni kwa bunduki ya upepo, shabaha naibandika kwenye debe. Ni mchezo wa Olimpiki na kelele yake ndogo, ingawa jirani wa chumba cha pili hugonga ukuta. Mke wangu kamchukua mtoto wetu wa miezi minane, kaenda kwao Kongwa. Nahisi mama mkwe anamchochea. Nifanyeje arudi? – Baba K."

Pole kwa upweke, mwanangu. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Kelele ndogo haigongewi ukuta.

Mama mkwe hajachochea kitu. Kampokea binti aliyechoka na mjukuu asiyelala. Vijana wa leo mkishaoa, sebule mnaifanya yenu peke yenu. Mke akilalamika anatafutwa mchawi, na mchawi siku zote ni mama yake! Nyumba ni ya wote wanaolala humo, hata huyo wa miezi minane.

Ni kweli, shabaha ya mita 10 imo kwenye Olimpiki, kwa risasi ya milimita 4.5. Wale hupiga ukumbini. Wewe unapiga debe, na mara nyingi bati likigongwa hulia kuliko bunduki yenyewe. Litupe. Chonga sanduku la mbao, nyuma weka bamba nene la chuma, mbele yake shindilia matambara na magazeti mpaka yakaze. Liweke juu ya kipande cha godoro, lisiguse ukuta wa jirani, maana mlio hupita humo humo. Tandika zulia, tundika mapazia mazito. Na kama risasi yako inazidi mwendo wa sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, ule mpasuko wake hauzuiliwi na sanduku. Tafuta bunduki ya nguvu ndogo. Usiku usipige kabisa.

Kuna jambo hukuligusa, nalo ndilo linaloniuma. Vumbi la madini ya risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na umri huo ni wa kutambaa. Usifagie, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji, unawe kwa sabuni kabla ya kumbeba. Na kibali? Hukukitaja. Pita polisi uulize.

Jumamosi panda basi la Kongwa. Anza na mama mkwe, umwombe radhi kwa ulivyomfikiria. Habari za Olimpiki ziache Nkuhungu. Kisha mweleze mkeo ulichorekebisha, na akisema sebuleni hataki tena, hamisha.